Akiba Iliyooza: Ini, Mahindi na Lugha Ukambani

Miongoni mwa methali ambazo mwanafunzi wa Kiswahili hukariri tangu shule ya msingi ni ile isemayo kwamba akiba haiozi. Huandikwa katika insha, hutahiniwa, na aghalabu hakuna anayeihoji. Mimi nimeihoji kwa miaka mingi, si kwa ukaidi wa kitaaluma, bali kwa sababu nilizaliwa na kulelewa kusini mwa Kitui, ambako mwaka 2004 akiba ilioza ghalani na kuwaua walioiweka.

Huenda baadhi ya wasomaji wa jarida hili walikuwa hawajazaliwa wakati huo, kwa hivyo nitaeleza kwa ufupi. Mvua za mwaka huo hazikufuata ratiba. Mahindi yalikomaa kwa taabu baada ya ukame, kisha mwezi wa Februari, wakati wa kuvuna, mvua isiyotarajiwa ikanyesha. Watu wakavuna mahindi yakiwa majimaji. Njaa ilikuwa imebisha hodi, wezi wa mazao walikuwa wengi, na kila mwenye magunia mawili matatu aliyaona ni salama zaidi ndani ya nyumba anamolala kuliko katika ikumbi, ghala letu la jadi lililoinuliwa juu ya vigingi ili upepo upite chini yake. Mahindi yakalazwa sakafuni, mabichi, gizani, penye joto. Kufikia Aprili wagonjwa wenye macho ya manjano walianza kufika hospitalini katika wilaya za Makueni na Kitui. Kufikia tarehe 20 Julai walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikuwa wamefariki. Makueni pekee ilikuwa na wagonjwa 148, na Kitui 101. Hao ni waliohesabiwa. Atokaye kwetu anajua umbali uliopo kati ya boma na hospitali, na anajua kwamba si kila kaburi lililochimbwa mwaka huo lilipitia kwenye daftari la daktari.

Mwanzoni madaktari walishuku virusi, na walikuwa na haki ya kushuku, kwa sababu macho ya manjano ni dalili ya magonjwa mengi. Vipimo vya virusi havikutosha kueleza vifo vile. Ndipo wakakumbuka kisa cha mwaka 1981, wakati Makueni ingali sehemu ya wilaya ya Machakos, ambapo watu 20 waliugua vivyo hivyo na 12 wakafa baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu. Mahindi ya 2004 yalipopimwa, baadhi yalikutwa na sumu ya kiasi cha sehemu 4,400 katika kila sehemu bilioni. Kiwango cha juu kilichoruhusiwa nchini wakati huo kilikuwa 20. Aliyekula ugali wa unga ule alikula sumu mara 220 ya kiwango hicho, na hakuonja chochote, kwa kuwa sumu hiyo haina ladha, wala moto wa jikoni hauimalizi.

Ng'ambo ya mto Athi, upande wa Makueni, palikuwa na boma la mjomba wangu. Katika boma hilo waliugua watoto wawili: binamu yangu, aliyekuwa na umri wa miaka kumi, na dada yake mdogo. Binamu alipona. Dada yake hakupona. Nakumbuka kwamba watu wazima walizungumza kwa sauti ya chini, na kwamba neno lililorudiwa lilikuwa moja tu: kulogwa. Jirani fulani alitajwa, akaepukwa, na hadi leo uhusiano wa maboma yale mawili haujatengemaa. Hili halimo katika takwimu za mkurupuko ule, lakini naliona kuwa ni sehemu ya madhara yake.

Chifu aliitisha baraza na kutangaza kwamba mahindi mabaya yasalimishwe, na kwamba serikali ingeleta mengine. Nyanya yangu, ambaye sisi humwita Susu kama ilivyo desturi ya Wakamba, alisikiliza hadi mwisho, akarudi nyumbani, akasimama mbele ya magunia yake. "Nikiyatupa leo, na hayo ya serikali yakifika baada ya mwezi," alimwuliza baba, "watoto watakula tangazo?" Nimewasikia wasomi wakilieleza janga lile kwa neno moja, ujinga. Sikubaliani nao. Susu hakuwa mjinga. Alikuwa akilinganisha sumu asiyoiona na njaa aliyoiona kwa macho yake zaidi ya mara moja maishani, na mizani yake ilikuwa na mantiki. Hatimaye aliyachambua punje kwa punje, akatupa zilizobadilika rangi, na zilizobaki akazitwanga kuwa muthokoi, yaani mahindi yaliyoondolewa maganda kinuni. Watafiti wamekuja kuthibitisha kwamba kuchambua na kukoboa hupunguza sumu hiyo, kwa kuwa sehemu yake kubwa hukaa katika ganda na katika punje zilizovunjika na kuharibika. Hupunguza, lakini hakuondoi kabisa. Sisi tulinusurika, siwezi kusema kama ni kwa sababu ya kinu cha Susu au kwa sababu magunia yetu yalikuwa na nafuu tangu mwanzo.

Mambo haya yangebaki kumbukumbu tu kama si barua aliyoipokea binamu yangu. Siku hizi ni fundi wa mawe, ana mke na watoto wawili. Alijitolea damu katika zoezi la uchangiaji lililofanyika karibu na mahali pa kazi, na baadaye akaitwa na kukabidhiwa karatasi iliyoandikwa Kiingereza kitupu. Aliyemkabidhi alimwambia tu kwamba damu yake haifai na kwamba amwone daktari. Akanijia nayo. "Wewe ndiwe uliyesomea lugha," alisema. "Nisomee ninachougua."

Karatasi ilisema kwamba alikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Kuyatamka maneno hayo kwa Kiswahili kulinichukua nusu dakika. Kuyaeleza kumenichukua miezi, na makala hii ni tunda la miezi hiyo.

Kwanza ilinibidi kutenganisha majina. Binamu alidhani ana homa ya manjano, ambayo ni ugonjwa mwingine kabisa, unaoenezwa na mbu, na ambao ulizuka katika Bonde la Ufa miaka ya 1992 na 1993. Kisha alitaka kujua tofauti ya B na C, kwa maana alikuwa amesikia kwamba ile ya C inatibika. Ni kweli. Virusi vya C viligunduliwa mwaka 1989, na wanasayansi watatu, Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice, walitunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 2020 kwa kazi hiyo. Virusi hivyo havijipachiki katika jeni za mtu. Huishi nje ya kiini cha seli, vikitumia mitambo ya ini inayosafirisha mafuta ili vijizalishe, na ndiyo maana ini la mgonjwa wa C mara nyingi hujaa mafuta hata kama hali vinono. Seli nayo hailali: ikishatambua mgeni, huwasha mamia ya jeni za kujihami, na vita hivyo vikiendelea miaka nenda miaka rudi, ini hujaa makovu. Lakini kwa kuwa virusi vyenyewe havikuchanganyika na jeni za mwenyeji, tangu miaka ya 2010 vidonge vya wiki 8 hadi 12 vimeweza kuvifukuza kwa karibu wagonjwa wote wanaovitumia.

Virusi vya B ni jamaa wa tabia nyingine. Huingia hadi ndani ya kiini cha seli na kukaa humo, na vipande vyake huweza kujipachika katika jeni za ini. Dawa zipo za kuvituliza, na chanjo ipo ya kuvizuia, lakini aliyekwisha kuvipata utotoni kwa kawaida huishi navyo. Kenya iliwaingizia watoto wachanga chanjo hiyo katika utaratibu wa kawaida mwishoni mwa mwaka 2001. Binamu yangu alikuwa amekwisha kuvuka umri huo. Wapimaji wa mwaka 2004, walipowalinganisha wagonjwa wa Makueni na Kitui na majirani zao wasiougua, waliona kwamba dalili za virusi vya B zilikuwa nyingi zaidi miongoni mwa wagonjwa. Yaani baadhi ya waliokula ugali ule waliukaribisha kwa ini ambalo tayari lilikuwa na mpangaji.

Hapa ndipo nilipolazimika kusoma mambo ambayo hayamo katika mtaala wa Idara ya Kiswahili. Sumu ya kuvu, ile aina yake kali iitwayo aflatoksini B1, inapotoka tumboni hupelekwa na damu moja kwa moja hadi kwenye ini. Katika hali hiyo haina ukali mwingi. Ini, ambalo kazi yake ni kugeuzageuza kila kiingiacho mwilini ili kiweze kutumika au kutolewa, kazi ambayo wataalamu wetu huiita umetaboli, huishika sumu hiyo na kuikabidhi kwa vimeng'enya vyake. Vimeng'enya hivyo huongeza oksijeni mahali pamoja katika umbo la sumu, nia ikiwa kuifanya iyeyuke kwenye maji ili itoke kwa mkojo. Badala yake kinazaliwa kitu kipya, epoksidi, chenye uchu wa kushikamana na chochote kilicho karibu. Hivyo basi sumu haitoki shambani ikiwa imekamilika. Hukamilishwa na ini lenyewe, katika jitihada yake ya kuliokoa tumbo. Niliposoma haya mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Ini lina kinga ya pili. Lina kemikali inayoitwa glutathioni ambayo huikamata ile epoksidi na kuifunga kabla haijadhuru. Mtu akila sumu kidogo, na akiwa ameshiba vyema, kinga hiyo huweza kutosha. Lakini glutathioni hutengenezwa kutokana na protini tulazo, na mtoto aliyekonda kwa njaa, ambaye kwa wiki kadhaa chakula chake ni ugali mtupu, ana akiba ndogo ya kemikali hiyo. Akiba hiyo ikiisha, epoksidi hushambulia protini za seli na jeni zake. Seli hufa kwa maelfu, ini hushindwa kusafisha ile rangi ya manjano itokanayo na damu kuukuu, na rangi hiyo huenea machoni na katika ngozi. Tumbo huvimba, miguu huvimba, mgonjwa hutapika. Hivyo ndivyo alivyoondoka dada yake binamu yangu, na hivyo ndivyo nilivyomweleza kakake, kwa sababu aliniuliza waziwazi kama ni kweli aliyetajwa hakuhusika. Nilimwambia hakuhusika. Alikaa kimya, kisha akasema kwamba babake amezeeka na kwamba itambidi amweleze mwenyewe.

Waliopona je? Hili ndilo lililomsumbua, na ndilo linalonisumbua mimi pia. Ini ni kiungo cha ajabu: hujiotesha upya. Lakini seli iliyopona inaweza kuwa imebeba alama. Epoksidi hupenda kushikamana na herufi moja ya maandishi ya jeni, iitwayo guanini. Seli inapojigawa kabla ya kurekebisha mahali hapo, huweza kunakili vibaya na kuandika herufi nyingine. Ipo jeni iitwayo p53, ambayo huielekeza seli iliyoharibika isimame ijirekebishe au ijiue. Mwaka 1991 watafiti waliochunguza saratani za ini kutoka Qidong nchini China, na wengine waliochunguza za kusini mwa Afrika, maeneo ambayo chakula chake kina sumu hii kwa wingi, waliripoti kwamba kosa lilijirudia mahali palepale pa jeni hiyo, nafasi ya 249, ambapo guanini moja ilikuwa imegeuka. Kosa la herufi moja! Sisi ambao kazi yetu ni lugha tunajua vyema kinachotokea herufi moja ikibadilika. Baba akigeuka kuwa bata, msomaji hucheka akapita. Mlinzi wa seli akikosewa herufi moja, huenda asiitambue tena kazi yake.

Halafu yako yale mahesabu ya Shanghai yaliyochapishwa mwaka 1994. Kwa mujibu wa utafiti huo, uwezekano wa kupata saratani ya ini kwa wanaume ambao mkojo wao ulionyesha dalili za sumu hiyo ulikuwa kama mara 3 ya wasio na chochote. Kwa wenye virusi vya B peke yake, ulikuwa kama mara 7. Kwa wenye vyote viwili, haukuwa mara 10, kama hesabu ya kujumlisha ingetufanya tutarajie, bali karibu mara 60. Virusi huifanya seli ya ini ife na kujigawa upya bila kupumzika, na kila mgawanyo ni nafasi nyingine ya kosa lile kunakiliwa na kudumu.

Je, nimwambie? Nilishauriana na daktari wake, mtu msikivu, naye akasema mgonjwa ana haki ya kujua, ila ajue vizuri. Wale wa Shanghai waliila sumu kidogo kidogo kwa miaka mingi. Binamu aliila kwa wingi utotoni na hakuna awezaye kusema kwa hakika ni kiasi gani ameendelea kula tangu hapo. Mara 60 ya jambo lililo nadra si hukumu. Nilipomweleza, nilianza na hilo la mwisho. Kiswahili kina msemo wa kumkata mtu maini, kwa maana ya kumwumiza kwa maneno, na siku hiyo niliuhisi msemo huo kwa namna ambayo mhadhara wa semantiki haukuwahi kunihisisha.

Naomba radhi kwa wasomaji wanaotarajia makala ya isimu, lakini isimu imo. Kwa muda mrefu mabango yaliyobandikwa katika masoko yetu yalitumia neno aflatoksini, na watu wakalitamka walivyoweza, au wakalipuuza. Wenzetu wa Tanzania wamelieneza neno sumukuvu, hasa baada ya mwaka 2016, ambapo watu wapatao 20 walikufa kwa sumu iyo hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ni neno lililoundwa kwa kuambatanisha maneno mawili ambayo kila mtu anayajua, na linasema lenyewe jambo lenyewe: sumu itokayo kwa kuvu. Katika mkutano mmoja wa wakulima ambapo niliombwa kutafsiri, nililitumia, na mzee mmoja akauliza papo hapo: "Basi nikiifuta kuvu, sumu imeondoka?" Swali hilo lisingeulizwa kamwe kwa neno aflatoksini, kwa kuwa neno lisiloeleweka halizai swali. Jibu ni kwamba haiondoki, kwa sababu kuvu huitema ndani ya punje, na punje inaweza kuwa safi machoni na kuwa na sumu tumboni. Lakini tazama jinsi neno lilivyomfikisha mzee kwenye mlango wa jibu. Naliona neno sumukuvu kuwa bora, na sioni kwa nini sisi wa Kenya tusilikumbatie.

Katika mkutano huo afisa wa kilimo alieleza habari ya Aflasafe, bidhaa iliyosajiliwa nchini mwaka 2015 na ambayo imekuwa ikitengenezwa Katumani, karibu na mji wa Machakos. Ni punje za mtama zilizopakwa kuvu ya jamii ileile, ila isiyoweza kutoa sumu. Hunyunyizwa shambani wiki mbili tatu kabla ya mahindi kutoa maua, ili kuvu isiyo na sumu iwahi makao na kuinyima nafasi ile yenye sumu. Wakulima walicheka walipoambiwa wapande kuvu ili kuzuia kuvu. Mimi nilifasiri kwa kusema kwamba dawa ya moto ni moto, na kicheko kikabadilika kikawa maswali ya bei, ambayo afisa aliyajibu kwa shida zaidi.

Binamu sasa hupigwa picha ya ini kila baada ya miezi 6 na kupimwa damu. Hadi ninapoandika, picha zote zimekuwa safi. Mkewe na watoto wamepimwa, hawana virusi, na mke amekamilisha chanjo. Alikwenda kumweleza babake habari ya mahindi, na yaliyosemwa humo ndani hajanisimulia. Najua tu kwamba wiki iliyofuata mjomba alionekana akivuka uzio wa jirani akiwa na fimbo yake.

Kuhusu mahindi, binamu amejenga ikumbi jipya juu ya vigingi, hatua chache kutoka dirisha la chumba anacholala. Hana mashine ya kupima unyevu, kwa hivyo hutumia chupa kavu na chumvi: hutia punje na chumvi kidogo, hufunga, hutikisa, huacha kwa dakika kadhaa. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi hurudi juani. Mara ya mwisho nilipomtembelea, chumvi ilikuwa imegandama kidogo tu, upande mmoja. Aliigeuza chupa mara mbili mwangani, akatandaza turubai tena.